Kuivusha Boti Ng'ambo

Jumatatu, 2 Machi

Barua kutoka ofisi ya gati, imebandikwa kwenye mlingoti. Maegesho ya zamani yanafungwa. Nguzo zimeoza, zinang'olewa. Boti zote zihamie maegesho mapya ng'ambo ya mlango wa mto kabla ya saa sita mchana, Jumapili tarehe 22. Kubwa zitavutwa. Ndogo zijipeleke zenyewe.

Zijipeleke zenyewe! Yetu ina mita tano, tanga moja na kasia moja. Injini haina. Mdogo wangu alisema injini ni za watu wasiojua upepo. Sasa yeye kaondoka na ujuzi wake wa upepo, mimi nimebaki na boti.

Nimeandika "yetu" kwa mazoea. Tangu Novemba ni yangu.

Jambo lenyewe niliandike hapa, maana kwa mdomo najua nitalipamba. Oktoba tuliwapakia wakwe zake, kuwatembeza. Wakati wa kurudi boti ikaugonga ukuta wa gati mpaka kofia ya mama mkwe ikaanguka majini. Hakuna aliyeumia. Wiki tatu baadaye wakatualika chakula kwao, na mimi — mwalimu, mtu mzima wa miaka arobaini na sita — nikasimulia kisa chote mezani. Sahani ikawa boti. Jagi likawa ukuta. Nikamwigiza mdogo wangu alivyotoa macho. Nikampa na jina: Nahodha Ukuta. Baba mkwe alicheka hadi akafuta machozi kwa kitambaa cha meza. Mdogo wangu akaweka kijiko chini. Nje, kwenye ngazi, akaniambia, "Boti chukua wewe."

Nikadhani ni hasira za siku mbili.

Jumatano, 4 Machi

Jaribio la kwanza. Baada ya vipindi nikaenda moja kwa moja gatini, viatu vya shule miguuni, maboya ya kuokolea mabegani. Mpango: nizunguke ndani ya maegesho mara moja, nirudi. Ningekuwa na mdogo wangu tungetumia dakika kumi, mimi mbele nikitoa amri.

Nikatweka tanga. Boti ikaondoka vizuri sana. Mita mbili. Halafu ikasimama ghafla kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba, ikageuka kwa tako lake na kwenda kuibusu boti ya daktari wa meno.

Huyu daktari ni jirani yetu wa gati. Boti yake nyeupe pepepe, huisugua kwa brashi ndogo, tena kwa mizunguko midogomidogo, kama jino. Alikuwa ndani yake. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Mwalimu, bado umefungwa nyuma."

Kweli. Kamba ya nyuma nilikuwa sijaifungua.

Alhamisi, 5 Machi

Goti nililogonga jana boti iliposimama ghafla limevimba. Darasani nilisema nimeteleza bafuni. Wanafunzi wananiita Ikweta — eti kwa sababu ya mkanda wangu mpana. Najua ni kwa sababu ya kile ambacho mkanda unakizunguka.

Daktari wa meno ameongeza matairi mawili upande wa boti yake unaoelekea kwangu.

Jumapili, 8 Machi

Aibu ya leo naiandika haraka kabla sijaanza kuipunguza.

Safari hii nilifungua kamba zote. Nikatoka, nikazunguka, upepo mzuri, nikajiona mtu. Kurudi ndiko kulikonimaliza. Gati linakuja, mimi nimeshika usukani, namkumbuka mdogo wangu — yeye alikuwa akiruka na kamba mkononi kama paka. Nikaruka kama paka. Nikatua juu ya gati, wima, kamba mkononi, nikafurahi. Nikaangalia kamba. Ncha ya pili haikufungwa popote.

Boti ikaendelea na safari zake, tanga juu, haina mtu. Ikavuka maegesho yote, ikazipita boti kumi na moja bila kugusa hata moja, ikaenda kujiegesha taratibu kwenye gati la mafuta. Kwa ubavu! Imenyooka! Nimekaa na mashua hii miaka sita na sijawahi kuiegesha hivyo.

Msimamizi wa gati ndiye aliyeishika. Ni mama mfupi mwenye filimbi shingoni, na sisi wote tunamwita Filimbi. Alinisubiri nizunguke kwa miguu hadi kule. Nilitegemea fujo. Akaniuliza, "Mwalimu, miaka yote hii ulikuwa unafanya nini ndani ya boti hii?"

Nikasema nilikuwa nasaidia.

"Kusaidia nini?"

Nikafikiri. Nilikuwa nakaa mbele na miwani ya jua, namwambia mdogo wangu kulia, kushoto, angalia boya, ngoja. Kamba zote alifunga yeye. Tanga alitweka yeye, akalishusha yeye. Ukiniuliza fundo moja analolifunga, silijui.

"Nilikuwa naongea," nikasema.

Filimbi akatikisa kichwa kama aliyejua zamani. Akanipa somo la dakika tano pale pale. Boti haina breki. Breki yake ni maji yenyewe, kwa hiyo uje ukiyakabili maji yanayotembea, usije nayo mgongoni. Shusha tanga mapema, mbali, mpaka uone umewahi mno. Uje polepole hadi uone haya, halafu upunguze tena. Na kamba itangulie kwenye nguzo kabla ya mwili wako.

"Mwili wa mwisho," akasema. "Wewe unautanguliza."

Jumatano, 11 Machi

Mazoezi. Mara sita kutoka, mara sita kuingia. Mbili nimegonga, tatu nimesimama njiani katikati ya maji kama kinyago kwa sababu nilishusha tanga mapema mno, ikabidi nipige kasia huku daktari wa meno akijifanya anaangalia mawingu. Moja karibu ifae.

Lakini si hilo ninalotaka kuandika.

Mara ya nne nilichelewa kushusha tanga. Kwa sekunde chache tu. Gati likaja kwa kasi, na nikaona kabisa kwamba hakuna usukani duniani utakaoizuia boti yenye tanga lililojaa upepo. Sikuwa naiona leo tena. Nilikuwa naiona Oktoba.

Mdogo wangu aliinuka mapema siku ile. Mbali kabisa, pale kwenye boya jekundu. Alishika kamba ya kushushia. Na mimi, huko mbele na miwani yangu, nilitaka wakwe wauone ukuta wa gati tukiukaribia na tanga limetuna, maana ni picha nzuri. Nikasema, "Bado." Akaniangalia. Nikasema, "Bado, bado."

Akanisikiliza. Mimi ni dada yake mkubwa, amenisikiliza tangu anatambaa.

Kipande hicho sikukisimulia mezani. Sijui kama nilikificha au kilijificha chenyewe. Sahani ilikuwa na mtu mmoja tu ndani yake.

Alhamisi, 12 Machi

Leo sina la kuchekesha.

Jumamosi, 14 Machi

Nimeegesha! Saa tisa na dakika ishirini. Dhidi ya mkondo, tanga chini tangu kwenye boya, polepole hadi nikaona haya, nikapunguza tena, kamba ikaingia kwenye nguzo kwa mara ya kwanza, nikashuka kama mtu anayeshuka kitandani. Nikageuka kuwaangalia watu.

Hakukuwa na mtu. Filimbi kaenda kula. Daktari wa meno hakuja leo. Ndege mmoja tu juu ya nguzo, naye alinipa mgongo.

Nikatoa simu nimwambie mtu. Kidole kikaenda chenyewe kwenye jina la mdogo wangu. Nikaandika mistari minane yenye mbwembwe, nikaisoma, nikaona yote ni habari zangu. Nikafuta.

Nikampigia wifi, mke wake. Akaja hadi gatini na sare zake za hospitali, alikuwa anatoka zamu. Tukakaa ukingoni miguu ikining'inia. Nikamuuliza mdogo wangu anaendeleaje. Akasema hajambo. Kisha akasema, "Wifi, unajua nyumbani kwetu bado wanamwita lile jina?"

Nikauliza jina gani, na huku najua.

Kila Jumapili. Akiingia mlangoni, baba mkwe: Nahodha Ukuta kafika, ondoeni vyombo. Shemeji zake wanamsogezea jagi. Alipoomba asaidie mipango ya kukarabati nyumba ya wazee — na yeye kazi yake ni kuchora ramani za majengo — wakamwambia atawachorea ukuta wa kuugonga. Wote wanampenda. Ndiyo tabu yenyewe, wifi akasema, wanampenda, kwa hiyo hana pa kukasirikia.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Mimi siku ile nilicheka," akasema. "Nilicheka sana. Sasa kila nikilisikia naangalia mikono yake. Huwa anaikunja chini ya meza."

Nikataka kumwambia kuhusu lile "bado". Maneno yakafika kwenye meno yakageuka. Nikamwambia upepo umeanza kuwa baridi. Akaenda zake.

Mwoga, kwa herufi kubwa.

Jumatatu, 16 Machi

Barua kwa mdogo wangu. Nakala ya kwanza: ukurasa mzima, ina utani mara nne. Ya pili: utani mara mbili. Ya tatu haina utani ila ina maelezo ya mkondo wa maji, na mchoro. Ya sita ndiyo niliyoituma kwa simu. Neno moja: Samahani.

Ameisoma saa kumi na mbili jioni. Jibu hakuna.

Ninayo haki gani ya kulalamika? Samahani bila kusema ya nini ni kama bahasha tupu.

Alhamisi, 19 Machi

Daktari wa meno kajitolea kunivuta Jumapili. Yeye ana injini. Alilisema kwa upole mno, kama anavyosema hutasikia maumivu. Nikakataa. Akasema si kwa ajili yangu tu, angependa kujua mapema boti yangu itakuwa wapi saa ngapi.

Nimekataa kwa kiburi, nakiri. Lakini si kiburi peke yake. Mdogo wangu alikuwa akivuka mlango huu wa mto kwa tanga akiwa na mimi mbele napiga domo. Nataka nivuke mara moja nikijua alichokuwa anakifanya.

Leo mwezi mchanga. Darasani nikafundisha bamvua: mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hujaa kupita kawaida na kupwa kupita kawaida. Nimelifundisha somo hili miaka ishirini na moja. Nikachora jua, mwezi na dunia kwenye mstari mmoja. Nikawaambia asiyejua saa ya maji asikanyage boti. Kwa sauti ile ya ualimu.

Jumamosi, 21 Machi

Kila kitu tayari. Kamba nimezikunja. Maji ya kunywa chupa mbili. Nimetoa karatasi ya saa za maji kwenye friji, ile niliyoichapisha shuleni na kuibana kwa sumaku. Jumapili tarehe 22: maji yanajaa pomoni saa mbili na dakika arobaini asubuhi. Nitaondoka saa mbili na robo, maji bado yanapanda, fungu la tope lote liko chini ya mita mbili za maji. Nusu saa na niko ng'ambo. Nitakunywa chai huko.

Mdogo wangu hajajibu.

Jumapili, 22 Machi. Saa nne na robo asubuhi, kwa penseli

Naandika nikiwa nimelala ubavu, kwa sababu boti imelala ubavu.

Niko juu ya tope. Katikati kabisa ya mlango wa mto. Kushoto naona maegesho ya zamani, kulia naona mapya, na pande zote mbili wananiona mimi. Maji yamenikimbia. Hakuna lugha nyingine. Pale nilipokuwa naelea saa tatu sasa anatembea kaa.

Nilivyoondoka: vizuri. Daktari wa meno alisimama kwenye boti yake akasema, "Mwalimu, leo huoni umechelewa? Maji yanashuka." Alinionyesha nguzo, ina utepe mbichi wa unyevu juu ya maji, upana wa kiganja. Nikamweleza habari za mwezi. Nikamwambia huo ni unyevu wa mawimbi. Nilitumia neno "kisayansi".

Nikatweka tanga, nikapita boya, nikashika njia ya mkato juu ya fungu. Boti ikaanza kunong'ona chini. Kisha ikakohoa. Kisha ikasimama.

Nikatoa karatasi mfukoni. Jumapili 22, saa mbili na dakika arobaini, sawa kabisa. Nikaangalia juu ya karatasi. Kwa herufi kubwa, nilizozichapa mimi: FEBRUARI.

Februari ina siku ishirini na nane. Kwa hiyo Jumapili ya tarehe 22 iko huko na iko huku. Mwalimu wa jiografia hakuibadilisha karatasi ya friji. Maji ya leo yalijaa saa moja. Yatarudi kuniinua kama saa kumi na moja na nusu jioni.

Filimbi kapiga simu. Nisishuke, tope litanimeza hadi kiunoni. Boti ya kuvuta haiwezi kufika, nayo itakwama. Nikamuuliza kuhusu mwisho wa kuhama, saa sita. Akasema kwenye daftari ameandika: iko njiani.

Saa saba mchana

Jua. Tanga nimelifanya kivuli. Nimekunywa chupa moja. Kuna familia ng'ambo imekuja na viti.

Nimefikiri vya kutosha. Kama ningekuwa mezani leo, hiki kingekuwa kisa kizuri kuliko kile cha Oktoba, mara kumi. Na hiki ni changu.

Saa nane kasoro

Nimempigia.

Mlio wa tano akapokea. Nyuma yake vijiko, televisheni, na sauti ya baba mkwe: nani huyo, Nahodha Ukuta? Na kicheko kile cha watu waliozoea kucheka mahali hapo.

"Dada," akasema. Sauti imekauka. "Kuna nini?"

"Weka sauti kubwa, wote wasikie."

"Niko mezani."

"Ndiyo maana. Niwekee mara moja tu, mdogo wangu, halafu ukitaka uzime kabisa."

Nilidhani atakata. Kisha vijiko vikasikika karibu zaidi.

Nikawasalimu wazee. Nikawaambia nilipo, na kwa nini, na Februari yote. Walicheka, na walikuwa na haki. Nikasubiri wamalize. Nikasema, "Sasa lile la Oktoba. Yeye alitaka kushusha tanga mapema, mbali, kama inavyotakiwa. Mimi ndiye niliyesema bado. Mara tatu. Nilitaka mwone tanga limetuna. Yeye alishika usukani tu, aliyeugonga ukuta ni mimi. Nilipowasimulia sikulisema, na jina lile si lake. Naomba muache kumwita."

Hakuna aliyecheka. Baba mkwe akakohoa, akauliza kama niko salama huko. Nikasema niko salama, nimelala tu upande.

Halafu sauti ikabadilika, mlango ukafungwa, upepo. Alikuwa ametoka nje.

Nikasikia viatu vyake vikishuka ngazi. Sikumwahi kwa maneno, na kwangu hilo si jambo dogo.

"Ubao umeuinua?" akauliza. Ule ubao wa chini ya boti.

"Sijauinua."

"Uinue. Ukiwa chini maji yakirudi utavunjika. Vuta taratibu, usitumie hasira."

"Sawa."

"Maji ya kunywa unayo?"

"Chupa moja."

"Haya." Akakata.

Haya ya namna gani, sijui. Kuna haya ya nimekuelewa, na kuna haya ya niache nimalize kula. Nimeirudia kichwani mara hamsini.

Ubao ulikuwa umebanwa na tope. Nimeuvuta mpaka viganja vinawaka. Umeinuka.

Saa kumi na moja

Maji yanarudi. Yanakuja kwa vidole, kila mfereji mmoja mmoja. Boti imeanza kujinyoosha. Familia yenye viti imeondoka, imechoka kusubiri.

Saa kumi na moja na dakika ishirini na tano

Ng'ambo, ukingoni mwa maegesho mapya, kuna mtu amesimama peke yake. Ni mbali, jua liko usoni mwangu. Ana urefu wa mdogo wangu, lakini watu wengi wana urefu wa mdogo wangu. Hapungi mkono. Amesimama karibu na nguzo ya tatu, ile iliyo wazi, pale ambapo mtu angesimama kama angekuwa anapima upepo kwa ajili ya boti inayokuja.

Au ni mlinzi.

Upepo upo. Boti imetikisika, imetikisika tena, inaelea nyuma, mbele bado. Nikichelewa kutweka tanga mkondo utanibeba juu mtoni nipite maegesho mapya nikiyaangalia. Lazima usukani na kamba ya tanga kwa pamoja, sasa hivi.

Simu inalia. Ni yeye. Tangu Novemba hajawahi kupiga yeye.

Mikono ninayo miwili tu, na mmoja umeshika penseli.